Likizo Kilimanjaro: kwa nini kilio cha mtoto mlimani hakipaswi kupuuzwa

Shule za Kenya zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, baadhi ya familia huvuka mpaka kwa njia ya Namanga, Taveta au Loitokitok, zikielekea kaskazini mwa Tanzania kuuona kwa karibu mlima mrefu kuliko yote barani Afrika. Wengi hutosheka kuutazama kutoka Moshi. Wengine huwashika watoto mkono na kuanza kupanda.

Safari hiyo haihitaji kamba wala ujuzi wa kukwea majabali, na ndiyo sababu huonekana nyepesi. Hatari yake kubwa haionekani kwa macho, kwani imo katika hewa.

Hewa ile ile, lakini haba

Watu wengi hudhani kuwa mlimani oksijeni hupungua katika mchanganyiko wa hewa. Sivyo. Pwani ya Mombasa na kileleni Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa. Kinachobadilika ni kanieneo. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, na kileleni kanieneo hukaribia nusu ya lile la pwani. Kila pumzi huingiza takriban nusu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea.

Mwili hujitahidi kufidia upungufu huo: mapafu huvuta hewa kwa kasi na moyo hupiga haraka. Baada ya siku kadhaa hali hiyo huanza kuzoeleka. Asiyeupa mwili wake siku hizo hupatwa na ugonjwa wa mwinuko. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi, na aghalabu huanza saa chache baada ya kufika mahali pa juu.

Nguvu za mwili si kinga. Kijana anayecheza mpira kila jioni anaweza kuugua huku bibi yake akiendelea na safari salama. Mkaazi wa Nairobi, jiji lililo kwenye mita 1,700 hivi, naye hawezi kujiona amekwisha kuzoea.

Mtoto hasemi kama mtu mzima

Watoto hawaugui zaidi ya watu wazima, ila ugonjwa wao ni mgumu kuutambua. Mtoto mdogo hawezi kueleza kwamba kichwa kinamgonga. Hulia bila sababu inayoonekana, hukataa chakula, huacha kucheza au hushindwa kulala. Mzazi anaweza kudhani kuwa ni uchovu wa safari au deko. Kanuni inayofuatwa na matabibu wa milimani ni moja: anayeugua mahali pa juu ahesabiwe kuwa ana ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo.

Hali hiyo ikipuuzwa, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba. Mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, huchanganyikiwa au huyumba kama mlevi. Hapo maisha yamo hatarini, na tiba ya kwanza ni kumshusha mara moja, hata kama ni usiku. Oksijeni na dawa husaidia, lakini hazichukui nafasi ya kushuka. Mtoto mwenye mafua au kikohozi kabla ya safari ni bora asipandishwe, kwa kuwa maradhi ya njia ya hewa huongeza hatari kwa mapafu.

Hesabu ya siku

Ushauri wa kitabibu ni kwamba, juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya mapumziko. Njia ya Marangu, yenye vibanda vya kulala, huvuka kipimo hicho: Mandara iko kwenye mita 2,700 hivi, Horombo 3,700 na Kibo 4,700. Kwa hiyo siku ya ziada Horombo si anasa. Siku hiyo wasafiri hupanda kidogo mchana, kisha hurudi kulala pale pale.

Kwa kawaida anayetaka kufika kileleni hutakiwa awe ametimiza umri wa miaka 10. Familia yenye watoto wadogo haikosi la kufanya: kutoka lango la Marangu inaweza kutembea msituni hadi Mandara, ikachungulia kreta ya Maundi iliyo jirani na kurejea siku hiyo hiyo.

Uamuzi mgumu zaidi huja pale mtoto mmoja anapougua ilhali ada zimelipwa na kilele kinaonekana. Ni vyema wazazi wakubaliane kabla ya kuondoka nani atashuka naye, na kwamba neno la mwongozaji litakuwa la mwisho. Waongozaji wa Kilimanjaro huwahimiza wageni waende polepole, na wahenga walikwisha kusema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kilele kitakuwapo mwakani.