Daniel Kaluuya: Kila alikofika aliulizwa kwao ni wapi, akajibu kwa kazi

Mwaka 2013, katika ukumbi wa Young Vic jijini London, watazamaji walimwona Mobutu akipanda kutoka askari mtiifu hadi mtu aliyemsaliti Patrice Lumumba. Tamthilia hiyo iliandikwa na Aimé Césaire wa Martinique, na inahusu Kongo ilipojipatia uhuru mwaka 1960. Lumumba aliigizwa na Chiwetel Ejiofor, Mwingereza ambaye wazazi wake walitoka Nigeria. Nafasi ya Mobutu alipewa kijana wa miaka 24 aitwaye Daniel Kaluuya, jina ambalo msomaji wa Kampala au Masaka hahitaji kufundishwa kulitamka.

Wazazi wake ni Waganda. Yeye alizaliwa London mwaka 1989, akalelewa na mama yake pamoja na dada yake mkubwa katika nyumba za kupanga za serikali ya mtaa huko Camden. Alipokuwa na miaka tisa aliandika mchezo mfupi, ukaigizwa katika ukumbi wa Hampstead. Baadaye alijiunga na shule ya uigizaji ya Anna Scher, inayojulikana kwa kuwapokea watoto wa familia za kawaida, wale ambao wazazi wao hawamudu karo za vyuo vikubwa vya sanaa.

Watazamaji wa televisheni walianza kumfahamu mwaka 2007 katika tamthilia ya vijana iitwayo Skins. Humo aliigiza, na pia aliandika baadhi ya vipindi. Kwa hiyo kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa ameshajifunza kazi mbili kwa pamoja.

Jasho la jukwaani

Kilichompa heshima mbele ya wakosoaji wa London ni jukwaa. Mwaka 2010 aliigiza katika Sucker Punch, mchezo wa Roy Williams kuhusu vijana wawili weusi wanaotafuta maisha kupitia ndondi katika Uingereza ya miaka ya 1980. Ukumbi wa Royal Court ulipangwa upya ukawa na ulingo katikati. Kaluuya alifanya mazoezi kama bondia, akapungua mwili, na kila usiku alipigana mbele ya watu waliokaa hatua chache kutoka kwake. Mwaka huo alipata tuzo ya gazeti la Evening Standard kwa msanii chipukizi, na wakosoaji wa tamthilia nao wakamtunuku.

Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Kaluuya, kizuri kilichelewa kujiuza. Licha ya tuzo hizo, nafasi kubwa katika filamu hazikuja kama alivyotarajia. Mwenyewe amesimulia kwamba kulikuwa na kipindi cha mwaka mmoja na nusu hivi ambapo aliacha kuigiza, akiona kwamba rangi yake inamfungia milango na kwamba juhudi zake hazimfikishi popote.

Aliyemtoa huko ni mtu wa ng'ambo. Mwaka 2011 Kaluuya alikuwa ameigiza katika kipindi kimoja cha Black Mirror, kama kijana anayeishi kwa kukanyaga baiskeli kutwa ili alipwe alama za kununulia mahitaji yake. Miaka kadhaa baadaye kipindi hicho kilitazamwa Marekani na Jordan Peele, mchekeshaji aliyekuwa akijiandaa kuongoza filamu yake ya kwanza. Peele akamtafuta.

Filamu hiyo ni Get Out, inayomhusu mpiga picha mweusi anayekwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu. Ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5 na kuingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani. Kaluuya akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Hata hivyo, mwaka 2016, kabla filamu haijatoka, alikuwa amerudi Young Vic kuigiza katika Blue/Orange. Humo alikuwa mgonjwa wa akili jijini London anayedai kwamba baba yake ni Idi Amin.

“Wewe si wa hapa”

Get Out ilipoanza kuvuma mwaka 2017, ukazuka ubishi. Mwigizaji mkongwe wa Marekani, Samuel L. Jackson, alihoji redioni kwa nini nafasi za Wamarekani weusi wapewe Waingereza, ambao alisema hawajakulia katika ubaguzi wa nchi hiyo. Baadaye Jackson alifafanua kwamba alilenga mfumo wa Hollywood, wala si waigizaji wenyewe.

Kaluuya alijibu katika mahojiano. Alieleza kuwa akiwa miongoni mwa weusi wenzake, weusi wake uliokolea humfanya aonekane tofauti. Akifika Marekani anaitwa Mwingereza. Akienda Uganda, hawezi kuongea lugha ya wazazi wake. Alichukizwa, alisema, kutakiwa kuthibitisha kwamba ni mweusi.

Mfanyabiashara anayevuka Busia, Mutukula au Gatuna atakielewa kisa hiki haraka. Kwenu unaitwa mtu wa ng'ambo, na ng'ambo unaitwa mgeni.

Kuna jambo la kuchekesha lililofuata. Mwaka 2018, katika Black Panther, Kaluuya alipewa nafasi ya W'Kabi, kiongozi wa kabila linalolinda mipaka ya Wakanda. Humo aliigiza pamoja na Mkenya Lupita Nyong'o na Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala.

Lakini jibu lake zito lilikuja mwaka 2021, katika Judas and the Black Messiah. Alimwigiza Fred Hampton, kiongozi wa chama cha Black Panther katika jimbo la Illinois, aliyeuawa na polisi Chicago Desemba 4, 1969, akiwa na miaka 21. Huyu ni Mmarekani ambaye jamaa zake bado wapo na kumbukumbu yake bado ni chungu. Kabla ya kupiga picha, Kaluuya na wenzake walikwenda kukutana na familia ya Hampton. Aprili mwaka huo alitwaa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora, akawa Mwingereza mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya uigizaji.

Nyumba za Camden

Baada ya hapo alirudi London kuongoza filamu, akishirikiana na Kibwe Tavares. The Kitchen, iliyotoka Netflix mwaka 2024, inaonyesha London ya miaka ijayo ambapo nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini zimekwisha, na wakazi wa jengo moja lililobaki wanakataa kuondoka. Wazo lilimjia kinyozi, aliposikia habari za vijana wanaovamia maduka ya vito: wanapora mali ya thamani kubwa kwa dakika moja, kisha wanaachiwa ujira mdogo huku faida ikienda kwa wengine.

Filamu hiyo ilichukua takribani miaka kumi tangu wazo hadi kuoneshwa. Alianza kuihangaikia kabla Hollywood haijamfahamu, na ushindi wa Oscar haukumfanya aiache.