Sura ya Sita: Nani Abaki na Funguo?

Matanga yanapokwisha Kolwezi, funguo za nyumba huulizwa kabla ya madeni ya marehemu. Ndugu za mume wamefika kutoka kijijini, wamelala uani siku kadhaa, na sasa wanataka kujua pikipiki na parseli vinakwenda wapi. Mjane amekaa chini, kimya, watoto wakiwa kando yake.

Sheria ina jibu. Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapanga warithi kwa madaraja. La kwanza ni watoto: wa ndani ya ndoa, wa nje ya ndoa waliotambuliwa rasmi baba yao akiwa hai, na walioasiliwa. Hao huchukua robo tatu, msichana sawa na mvulana. Robo iliyobaki ni ya makundi matatu: mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na kaka na dada zake. Baba wadogo, wajomba na mashangazi wako daraja la tatu; hawapati kitu ikiwa madaraja ya juu yana watu.

Tupige hesabu. Mume na mke wamejenga nyumba katika komini ya Manika, yenye thamani ya dola 24,000. Wengi huketi kugawa zote 24,000, na hapo ndipo mjane anapoibiwa. Kama hawakuchagua mpango mwingine wa mali walipooana, walichochuma katika ndoa ni cha wote wawili. Dola 12,000 za mke si urithi; zilikuwa zake hata mume alipokuwa hai. Zinazogawanywa ni 12,000 za mume. Watoto wanne wanachukua 9,000, yaani 2,250 kila mmoja. Zinabaki 3,000, nazo ni 1,000 kwa kila kundi. Kaka na dada za marehemu wakiwa watano, kila mmoja anapata dola 200. Juu ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa na kutumia vyombo vyake.

Ila haki hiyo inataka ushahidi. Ndoa iliyofungwa kwa mahari mbele ya wazee inapaswa kupelekwa komini kuandikishwa ndani ya mwezi mmoja. Wengi hawaendi. Baada ya miaka 20 shemeji anasimama mbele ya watu na kusema: "Huyu hakuwa mke." Naye mwanamke wa pembeni, anayeitwa "deuxième bureau", harithi, maana sheria haitambui mke wa pili; lakini watoto wake wanarithi, mradi baba aliwatambua.

Mila huongeza uzito. Kazi ya kampuni ya madini ya Union Minière, baadaye Gécamines, ilileta watu wa makabila mengi katika kambi zake za wafanyakazi. Mchokwe huhesabu ukoo kwa mama, na mpwa hutazamia mali ya mjomba. Muluba wa Kasai huhesabu kwa baba. Wakioana hao wawili, koo mbili huja kwenye matanga na kanuni mbili. Ninaheshimu mila, lakini mila isiyomwachia mtoto ada ya shule siwezi kuitetea.

Kisha kuna ardhi. Tangu sheria ya mwaka 1973, udongo ni mali ya Dola. Familia hupewa haki ya kuutumia, na uthibitisho wake kamili ni cheti cha usajili. Madini ya chini pia ni ya Dola, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwachia mwanawe kobalti iliyo chini ya sebule. Watu wa mtaa wa Kasulo wanalijua hili. Mwaka 2014 madini yaligunduliwa katikati ya makazi yao, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa uzio, familia zikahamishwa. Siku ya fidia huulizwa jina lililo kwenye karatasi. Likiwa bado la babu aliyekufa zamani, ugomvi huanza hapohapo.

Ugomvi kama huo unaweza kupunguzwa kwa wosia, nao si kazi ngumu. Unaweza kuufanya mbele ya notari, au kuuandika nyumbani, wote kwa mkono wako, kisha utie tarehe na sahihi. Ukipigwa chapa kisha ukatiwa sahihi tu, hautoshi. Wala hauwezi kuwapunguzia watoto robo tatu yao.

Wewe unayesoma, kama ndoa yenu haijaandikishwa, nendeni komini wiki hii, wote wawili.