Jeki Haishikiliwi na Mafuta

"Fundi, jeki yangu inashuka yenyewe. Niitie mafuta gani mazito?" Swali hili linaletwa hapa Galbet, mjini Garissa, na madereva wa malori ya Dadaab, Modogashe na Wajir, linaletwa na wenye tipa za mchanga, na siku hizi linaletwa hata na vijana wa gereji ambao kazi yao ni kulijibu. Anayeuliza huwa ameshapewa jibu njiani: Garissa ni joto, mafuta ya haidroliki ni mepesi, jua likiyapiga yanakuwa maji, basi yamwage, utie oili ya injini, na ukipata iliyotumika ni bora zaidi kwa sababu imekolea. Ushauri huo umeshaharibu jeki nyingi, na kuna siku utamlalia mtu kifuani.

Tuanze na hilo joto. Namba 22 au 32 iliyoandikwa kwenye mkebe wa mafuta ya haidroliki ni kipimo cha mnato, na kipimo hicho huchukuliwa mafuta yakiwa na nyuzi 40 za selsiasi. Aliyepanga namba ile hakuwa akifikiria baridi ya Limuru. Nyuzi 40 hazipishani sana na mchana wetu wa mwezi Machi. Mafuta yaliyopendekezwa na mtengenezaji wa jeki yanajulikana yatakavyokuwa kwenye joto hili, na yanatosha.

Sasa kinachobeba mzigo. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inairuhusu ekseli moja ya magurudumu manne kubeba hadi tani 10. Ukiinua upande mmoja, jeki inabeba kama tani tano. Chukua jeki ambayo pistoni yake kubwa ina kipenyo cha milimita 60: mafuta yaliyo chini ya pistoni hiyo yana presha ya takribani bari 170, yaani kama mara ishirini ya presha ya tairi la lori hilohilo. Mafuta hayo yamefungiwa na vitu vitatu tu: sili ya pistoni, gololi ndogo ya chuma iliyokaa kwenye kiti chake kati ya pampu na silinda, na ncha ya skrubu ya kuachilia. Vitatu hivyo vikiziba, jeki itasimama hata ukitia mafuta mepesi. Kimoja kisipoziba, hakuna mafuta duniani yatakayoisimamisha.

Sili yenyewe haihitaji msaada wa mafuta mazito. Joseph Bramah alipopata hataza ya mtambo wake wa kushindilia kwa maji, London mwaka 1795, alikuwa anashindana na uvujaji huohuo unaotusumbua. Suluhisho, ambalo sifa yake hupewa fundi wake Henry Maudslay, lilikuwa ngozi iliyokunjwa kama kikombe, ambayo presha yenyewe inaipanua na kuibana ukutani. Mzigo ukizidi, sili inabana zaidi. Mtambo ule ulifanya kazi kwa maji matupu! Anayeniambia kwamba mafuta ya namba 22 ni mepesi mno kushika lori, namwomba alifikirie hilo kabla hajarudi na mkebe wa oili ya injini.

Lakini mbona wanaapa kwamba imewafaa? Kwa sababu inafaa, kwa muda. Uvujaji kwenye upenyo mwembamba hupungua kadiri mnato unavyoongezeka. Oili ya 15W-40 kwenye nyuzi 40 ina mnato wa karibu mara tano ya mafuta ya namba 22, kwa hiyo jeki iliyokuwa ikishuka sentimita moja kwa dakika kumi sasa itashuka sentimita hiyo kwa dakika hamsini hivi. Mwenyewe anaitazama dakika tano, haioni ikisogea, anasema imepona. Haijapona. Jeki inayoshuka haraka humwonya mtu akiwa bado amesimama. Inayoshuka polepole humngoja aingie chini ya lori, alale chali, aanze kuhangaika na nati. Na jua nalo lina lake. Chuma kilichoachwa juani hapa hupita nyuzi 60 bila shida, na kwenye nyuzi 65 mnato wa oili hiyohiyo umeshashuka chini ya nusu. Aliyeijaribu alfajiri akaridhika ana jeki nyingine kabisa saa saba mchana kwenye barabara ya Modogashe.

Oili iliyotumika ni mbaya zaidi, maana imebeba masizi na vumbi la chuma kutoka kwenye injini. Hapa ndipo umbo la jeki linapotuadhibu. Pampu, tangi, valvu na silinda vyote vimo ndani ya mwili mmoja unaobebeka kwa mkono. Mafuta ni kidogo, chujio la maana hakuna, na uchafu hauna pa kutulia isipokuwa njiani. Chembe moja ikikaa chini ya gololi, kiti hakizibi tena. Wahandisi wa ndege wanaujua ugumu huu wa kufungia kila kitu pamoja: Airbus A380, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2005, ina vifaa vya kusogeza sehemu za mabawa ambavyo kila kimoja kina mota, pampu na mafuta yake ndani. Hakuna anayevifungua kiwanjani akavimiminia alichonacho.

Halafu kuna mafuta ya breki. Haya ndiyo yanayonikasirisha kuliko yote, kwa sababu udanganyifu wake una ushahidi wa kuonekana. Mafuta ya kawaida ya breki yametengenezwa kwa glaikoli, na sili za jeki kwa kawaida ni za raba inayostahimili mafuta ya petroli, haistahimili glaikoli. Ukiyatia, raba inavimba. Ikivimba inabana, uvujaji unakoma, na fundi anasifiwa gereji nzima. Baada ya siku chache raba inalainika, na ukiifungua unakuta kingo zake zinamomonyoka ukizigusa kwa kucha. Vipande vinakwenda kukaa palepale chini ya gololi. Aliyekuja na tatizo moja anarudi na mawili.

Basi fanya hivi. Inua mzigo ambao hakuna mtu chini yake, utazame. Mkono wa pampu ukipanda wenyewe, gololi iliyo kati ya pampu na silinda haizibi. Mkono ukitulia, mzigo ukashuka na nje ni pakavu, shuku skrubu ya kuachilia au sili ya pistoni kubwa. Ukiona mafuta yakichuruzika juu kuzunguka pistoni, sili ya juu imekwisha. Ukipampu bila kupata kitu, kuna hewa au mafuta yamepungua: legeza skrubu, pampu upesi mara kadhaa, funga, jaribu tena. Mafuta yaliyogeuka meupe kama maziwa yana maji, na jeki zilizozama kwenye mafuriko ya upande wa Madogo mwaka 2023 na 2024 zisipofunguliwa zitaota kutu ndani. Mwaga yote, osha kwa dizeli safi, badilisha sili zote kwa pamoja, safisha viti vya gololi, tia mafuta ya haidroliki mapya ya namba aliyoitaja mtengenezaji. Jaza pistoni ikiwa imeshuka kabisa, mpaka ukingo wa chini wa tundu la kujazia, usizidishe. Ukijaza pistoni ikiwa juu, itakaposhuka mafuta yatakosa pa kwenda, yatasukuma kizibo nje. Skrubu ndogo iliyofunikwa ambayo huzuia jeki isizidiwe usiiguse, hata akikuambia nani kwamba ukiikaza jeki ya tani 10 itainua 20. Kwenye mchanga weka ubao mpana chini. Lori likishainuka, lishushe juu ya stendi za chuma au magogo kabla mtu hajaingia, hata kama jeki ni mpya. Na ukisikia mchomo kama wa sindano kutoka kwenye mafuta yenye presha, usingoje kidole kivimbe: nenda hospitali wakati huohuo, mwambie daktari kwamba mafuta ya haidroliki yamepenya ngozi, kwa sababu tundu ni dogo na madhara yako ndani, na huenda ukahitaji upasuaji siku hiyohiyo.