Doa la Zulia na Tohara ya Nyumba

Alasiri moja, katika darsa ya akina mama huko Kisauni, mtoto wa miaka mitatu alikojoa juu ya zulia. Mwenye nyumba alileta beseni na tambara. Akachovya, akapangusa, akachovya tena, hata pasionekane kitu. Ilipoadhiniwa Magharibi, mmoja wetu akauliza kwa sauti ya chini: je, hapa pataswalika? Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya, kwani kwetu sisi zulia si pambo tu. Ndipo tunapoketi na wageni, ndipo tunapofuturu, na ndipo tunapoweka vipaji vyetu mbele ya Mola.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu hapa Pwani, maji machache kama ya beseni hunajisika pindi yanapoingiwa na najisi. Basi tambara linalorudishwa katika maji yale yale halitwahirishi zulia, bali huieneza najisi. Sharti maji yaiendee najisi, si najisi iyaendee maji. Kwanza tufyonze mkojo kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki umajimaji. Kisha tumimine maji safi yaenee mahali pote palipoingia najisi. Halafu tugandamize taulo kavu hadi maji yatoke. Kuanika juani peke yake hakutoshi. Ikibaki rangi peke yake, au harufu peke yake, baada ya kujitahidi, hiyo husamehewa. Mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, ambaye chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake hunyunyiziwa maji yakaenea. Wa mtoto wa kike huoshwa.

Yako madoa mengine yasiyo najisi, lakini yanayoumiza macho. Kanuni yake ni moja: tuwahi, tugandamize wala tusisugue, na tuanzie ukingoni kuelekea katikati, ili doa lisitanuke. Maziwa na mayai yaondolewe kwa maji baridi, kwani maji ya moto huyagandisha ndani ya nyuzi. Kahawa na chai hulegea kwa maji yaliyotiwa siki kidogo. Mafuta ya biriani au samli yafunikwe kwa unga wa ngano usiku kucha. Ukishanywa mafuta ukwanguliwe, ndipo pafuate povu jepesi la sabuni ya vyombo. Rangi ya manjano inayobaki hufifia ikipigwa na jua. Nta ya mshumaa igandishwe kwa barafu, kisha ibanduliwe.

Hina ndiyo yenye ukaidi zaidi. Hushika nyuzi za sufi kama inavyoshika nywele na kucha, na ikikauka haitoki. Usiku wa kupamba bibi harusi, basi, tutandike mkeka au jamvi kuukuu. Vivyo hivyo kaa la chetezo likidondoka juu ya zulia la plastiki huyeyusha nyuzi. Hilo si doa bali ni jeraha, na halina dawa ya kusugua.

Wengi wetu, kuanzia Likoni hadi Changamwe, maji ya mfereji tunayapata kwa zamu na tunategemea visima, ambavyo vingi vina chumvi. Chumvi ikibaki katika zulia huvuta unyevu na vumbi, na doa hurudi. Tuoshee maji ya kisima ikibidi, lakini suuzo la mwisho liwe la maji baridi yasiyo chumvi, japo ni dumu moja. Zulia zima tusilioshe wakati wa masika, kwani halitakauka kwa siku nyingi na litaota ukungu. Tungojee jua la kaskazi.

Tunaonya pia: jiki huondoa rangi ya zulia pamoja na doa. Tena isichanganywe na siki wala dawa ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Petroli na mafuta ya taa yasitumiwe ndani ya nyumba. Wala dawa yoyote isiwekwe katika chupa ya soda, mtoto akaidhania kinywaji.

Turudi kwa yule mtoto wa Kisauni, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia kwa kuogopa kipigo. Bedui mmoja alikojoa ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Masahaba walipomkemea, Mtume aliwakataza wasimkatize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Katika kisa hicho tumepata mambo mawili: namna ya kutwahirisha, na namna ya kumtendea aliyechafua. Jioni ile tulimimina maji, tukakausha, tukaswali. Mama yake alimwita kwa upole, naye akatoka, akasimama kando yetu safuni.