Matumizi ya Ardhi Yanavyoamua Usafi wa Nyuki na Asali Katavi

Kwa mkazi wa Kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda, asali ni chakula, ni tiba ya kikohozi na ni fedha ya mahitaji ya shule. Elimu inayotolewa kwa warina asali husisitiza ndoo safi, moshi wa kiasi na masega yaliyokomaa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya usafi wa asali huamuliwa kabla ya siku ya kurina na mbali na mzinga. Huamuliwa na namna ardhi inayouzunguka mzinga inavyotumika.

Nyuki wengi wanaotoa asali nchini ni nyuki pori. Mfugaji hutundika mzinga mtupu mtini na kusubiri kundi lihamie lenyewe. Kutoka hapo nyuki huruka kwa kawaida hadi kilomita 3 kutafuta chakula, na malisho yakiwa haba huenda mbali zaidi. Mduara wenye nusu kipenyo cha kilomita 3 una ukubwa wa kilomita za mraba 28, yaani takriban ekari 7,000. Ndani ya eneo hilo mnaweza kuwamo msitu, mashamba ya watu wengi, mwalo wa kuoshea dhahabu, barabara na makazi. Mfugaji anamiliki mzinga, lakini hamiliki malisho ya nyuki wake.

Katika safari hizo nyuki hukusanya vitu vinne: mbochi, chavua, maji na utomvu wa miti. Mwili wake una vinyweleo vinavyonasa chavua, na vinyweleo hivyohivyo hunasa vumbi lililomo hewani na kwenye majani. Kila anachokinasa hurudi nacho mzingani. Wapo pia nyuki pori wanaoishi mmoja mmoja na kuchimba viota ardhini. Hao hukutana moja kwa moja na mabaki ya kemikali yaliyomo kwenye udongo, na kwa kuwa hawana mzinga wa kukaguliwa, kupungua kwao si rahisi kugundulika.

Kila matumizi ya ardhi huacha alama yake. Msitu wa miombo usiofyekwa huwapa nyuki maua mengi yasiyonyunyiziwa dawa, na hiyo ndiyo siri ya sifa ya asali ya ukanda wa Katavi na Tabora. Msitu huo unapofyekwa kwa ajili ya shamba, au miti inapokatwa kuwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, nyuki hulazimika kutafuta chakula mashambani. Huko, dawa inayopigwa wakati mazao yamechanua huua nyuki papo hapo au hurudi nao mzingani. Baadhi ya viuatilifu, hasa vile vya kundi la neonikotinoidi, husambaa ndani ya mmea wote mpaka kwenye chavua na mbochi. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Neuchâtel, Uswisi, walipima sampuli 198 za asali kutoka mabara yote isipokuwa Antaktika. Asilimia 75 zilikuwa na angalau aina moja ya viuatilifu hivyo, ingawa nyingi zilikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa kwa mlaji. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku aina tatu za kundi hilo kutumika mashamba ya wazi.

Madini nayo yana nafasi yake. Baada ya kanisa la Notre-Dame la Paris kuungua Aprili 2019, asali iliyorinwa upande ulikoelekea moshi ilikutwa na risasi nyingi kuliko ya maeneo mengine, kwa kuwa paa la kanisa hilo lilikuwa la madini hayo. Jambo hilo si geni kwa Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, uliofungwa mwaka 1960. Leo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki huacha marudio na madimbwi, na nyuki hunywa maji popote wanapoyapata. Historia hiyo haimaanishi kuwa asali ya Mpanda ina sumu, bali inaonesha umuhimu wa kupima. Soko la Ulaya haliruhusu zaidi ya miligramu 0.10 za risasi katika kilo moja ya asali, na nchi inayouza huko hutakiwa kuwa na mpango wa kupima mabaki ya kemikali. Asali chafu ya eneo moja inaweza kuathiri soko la wafugaji wa nchi nzima.

Sheria za kulinda malisho ya nyuki zipo. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 inaruhusu kutengwa kwa hifadhi za nyuki, zikiwemo za vijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa kupanga maeneo ya kilimo, malisho, makazi na misitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Aidha, mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza matumizi ya zebaki.

Utekelezaji, hata hivyo, huanza kwa wananchi. Mkulima anashauriwa kutumia viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kupiga dawa jioni nyuki wanapokuwa wamerudi, kuepuka kipindi cha uchanuaji na kutoosha bomba mtoni. Anapaswa pia kuwaarifu majirani wenye mizinga kabla ya kupiga dawa. Mchimbaji anapaswa kuhifadhi marudio mbali na vyanzo vya maji. Mfugaji anashauriwa kuweka mizinga mbali na mashamba yanayopigwa dawa na kuwapa nyuki maji safi karibu na mzinga wakati wa kiangazi.

Zaidi ya yote, wakazi wa Ilembo na kata jirani wanahimizwa kuhudhuria mikutano ya mtaa na kijiji inayojadili matumizi ya ardhi, na kuhakikisha malisho ya nyuki yanatajwa katika mipango hiyo. Nyuki wanaochavusha alizeti na maboga ya mkulima ndio haohao wanaojaza mzinga wa jirani yake, na ekari 7,000 wanazozitegemea hazilindwi na mtu mmoja.