Tulijue Soko la Ajira Kabla ya Kulipa Ada ya Mafunzo

Kila mwaka kamati nyingi za maendeleo za sharika huketi kuamua ni vijana wangapi walipiwe mafunzo ya ufundi na katika fani zipi. Mara nyingi orodha huwa ileile: ushonaji kwa wasichana, useremala na uashi kwa wavulana. Fani hizi ni za heshima na zimelisha familia nyingi. Hata hivyo, swali linalopaswa kutangulia ni hili: kijana akihitimu, nani atampa kazi, au nani atanunua anachotengeneza? Majibu ya swali hilo ndiyo yanayoitwa taarifa za soko la ajira. Katika makala hii tunaeleza taarifa hizo zinatoka wapi, zisomwe vipi, na usharika unaweza kuchangia nini.

Taarifa za soko la ajira ni nini?

Kwa maneno rahisi, ni habari za pande mbili. Upande wa kwanza ni wa watu: wako wangapi, wana umri gani, wamesoma nini, wanafanya nini sasa. Upande wa pili ni wa kazi: zinapatikana wapi, zinataka ujuzi gani, zinalipa kiasi gani. Sera ya ajira hujengwa juu ya habari hizo. Ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina mkataba kuhusu sera ya ajira, Na. 122 wa mwaka 1964, na mwingine kuhusu takwimu za kazi, Na. 160 wa mwaka 1985.

Hapa Tanzania chanzo kikuu ni utafiti wa nguvu kazi unaosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kwa upande wa Tanzania Bara umefanyika mwaka 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Ipo pia tafiti ya ajira na mapato katika sekta rasmi, ambayo hukusanya habari kutoka kwa waajiri. Sensa nayo hutupatia idadi ya watu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini.

Msomaji ataona kwamba kati ya utafiti mmoja wa nguvu kazi na mwingine hupita miaka mingi. Kijana aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2014 alimaliza kidato cha nne mwaka 2017, na hadi hapo utafiti mpya ulikuwa haujafanyika. Tafiti hizi ni za gharama kubwa, kwa kuwa wadadisi hupita nyumba kwa nyumba. Kwa nchi zinazoendelea hili ni tatizo la kudumu: soko linabadilika kwa miezi, takwimu zinakuja kwa miaka.

Asilimia moja, maana mbalimbali

Mwaka 2006 kiwango cha ukosefu wa ajira Tanzania Bara kilikuwa asilimia 11.7. Mwaka 2014 kilikuwa asilimia 10.3, na mwaka 2020/21 asilimia 9.0. Mtu akizisoma tarakimu hizi anaweza kujiuliza: kama zaidi ya watu tisa katika kila kumi wana kazi, mbona vijiwe vimejaa?

Jibu liko katika namna ya kuhesabu. Kwa kipimo cha kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya kujipatia kipato kwa angalau saa moja katika wiki iliyopita huhesabiwa kuwa na kazi. Tuwachukue vijana watatu kwa mfano. Wa kwanza aliuza karanga stendi saa mbili tu kwa wiki nzima. Wa pili alizunguka kutafuta kibarua akakosa. Wa tatu amechoka kutafuta, yuko nyumbani, ingawa akiitwa leo atakwenda. Kwa kipimo cha kimataifa, wa kwanza ana kazi, wa pili hana ajira, na wa tatu hahesabiwi kabisa kati ya wasio na ajira, kwa sababu hakutafuta.

Kipimo cha kitaifa cha Tanzania kimepanuliwa. Kinamhesabu yule wa tatu kuwa hana ajira, na pia vibarua wasio na uhakika wa kazi ya kesho. Ndiyo sababu viwango vya kitaifa ni vikubwa kuliko vya kimataifa. Aidha, mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi duniani waliafikiana kwamba anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani asihesabiwe tena kuwa ameajiriwa. Kwa nchi ambayo zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wako katika kilimo, badiliko kama hilo si dogo.

Wastani wa taifa nao huficha mengi. Mwaka 2006, wakati wastani ulikuwa asilimia 11.7, Dar es Salaam pekee ilizidi asilimia 30. Vijijini tatizo huonekana kwa sura nyingine: watu wana shughuli, lakini saa za kazi ni chache na kipato hakitoshi. Kwa hiyo kamati isiridhike na kiwango cha ukosefu wa ajira peke yake. Iulize pia saa za kazi na kipato.

Sera ipo, taarifa zifike

Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Ajira mwaka 1997, kisha nyingine mwaka 2008. Mwaka huohuo wa 2008 ilianzishwa TaESA kwa ajili ya huduma za ajira, kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri. Sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi wa ajira awe na leseni. Tunawaomba viongozi wa sharika walitangaze hili, hasa pale vijana wanapoahidiwa kazi nchi za Ghuba na kutakiwa kutoa fedha kwanza. Neno la kuanzia ni moja: leseni iko wapi?

Lakini huduma hizi hukaa zaidi mijini, na waajiri wanaotangaza nafasi ni wa sekta rasmi. Fundi wa pikipiki wa kijijini anayetafuta msaidizi hatangazi popote. Habari zake zinajulikana na majirani tu, na hapo ndipo usharika wenye watu katika kila mtaa unaweza kusaidia.

Dalili za soko ziko wazi kwa anayetazama. Madirisha ya aluminiamu yamechukua nafasi ya madirisha ya mbao katika nyumba nyingi za mijini. Mitumba inashindana na fundi cherehani. Kwa upande mwingine, tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, umeme umefika vijiji vingi, na pamoja nao kazi za kuchomelea, kutandaza nyaya na kutengeneza simu. Pikipiki nazo zinahitaji mafundi kila kona.

Usharika unaweza kufanya nini?

Kinachohitajika ni daftari, watu wawili waaminifu na wiki mbili. Tunapendekeza hatua hizi:

1. Waandikeni vijana wote wa eneo, wa madhehebu na dini zote: umri, elimu, ujuzi, na walichofanya wiki iliyopita kwa saa ngapi.

2. Watembeleeni mafundi, wenye maduka, wakandarasi na vyama vya ushirika. Waulizeni kazi ipi wanaikosea mtu, na mwaka jana waliajiri wangapi.

3. Watafuteni waliohitimu mafunzo miaka mitatu iliyopita. Je, wanafanya kazi katika fani waliyosomea? Wanapata kiasi gani kwa mwezi? Kama waliacha, kwa nini?

4. Linganisheni matokeo na nafasi zilizopo katika chuo cha VETA kilicho karibu. Aliyejifunza kazi mtaani bila cheti aulizie huko utaratibu wa kutambuliwa ujuzi wake.

5. Pelekeni muhtasari kwa mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii. Majina na vipato vya watu visisomwe hadharani.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Taarifa za miradi huuliza zaidi ni wangapi wamepata mafunzo. Tunaomba iulizwe pia ni wangapi wanaishi kwa kazi hiyo baada ya miezi 6 na baada ya miezi 12, na bajeti iwe na fungu dogo la kuwafuatilia. Nauli ya mfuatiliaji ni ndogo ikilinganishwa na ada ya kijana mmoja aliyesomeshwa fani isiyo na wateja.

Ada hiyo hutokana na sadaka, mauzo ya mahindi na michango ya marafiki wa mbali. Kijana naye hutoa mwaka au miwili ya maisha yake. Kamati zinazopanga bajeti ya mwaka ujao zianze na daftari, kisha ziandike orodha ya fani.