BAADA YA SHAHADA, MLANGO WA UHASIBU U WAPI?

Mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura, huamka kwa kelele za milango ya chuma. Jua halijapanda vizuri juu ya milima ya mashariki, na tayari wapagazi wamekwisha kusimama mbele ya maduka wakingojea mifuko ya saruji, mabati na magunia ya mchele. Jina la mtaa ni masalio ya enzi za Wabelgiji, walipougawa mji huu, ambao siku hizo ukiitwa Usumbura, kila watu na upande wao: Wazungu mahali pao, Waafrika katika mitaa kama Buyenzi, na wafanya biashara wa Kihindi na Kiarabu hapa. Wenyewe wamebadilika sana tangu hapo, lakini biashara imebaki, na Kiswahili kimebaki kuwa lugha ya kuuzia na kununulia.

Katika duka moja la vifaa vya ujenzi, nyuma kabisa, anaketi mzee mmoja mtunza daftari. Mzee huyu hakuingia chuo chochote. Alianza ujanani kwa kuhesabu misumari, kisha tajiri wake akamfundisha kuandika daftari la siku, kisha leja, mpaka akaweza kufunga hesabu za mwaka bila kukosea faranga moja. Asubuhi niliyomtembelea nilimkuta na wageni wawili: rafiki yake, askari mstaafu, pamoja na binti wa huyo askari.

"Mwanangu huyu amepata shahada ya uhasibu," alisema yule askari. "Mimi nikamshukuru Mungu, nikidhani ndio mwisho wa kulipa ada. Sasa ananiambia bado. Mzee mwenzangu, wewe uliyezeeka katika hesabu, hebu nieleze: bado nini?"

"Baba," akasema binti kwa upole, "shahada ninayo, lakini siwezi kutia sahihi hesabu za kampuni nikasema nimezikagua."

Ndugu msomaji, swali la askari yule linaulizwa katika nyumba nyingi za askari na polisi wenye watoto waliomaliza chuo kikuu, na yafaa lijibiwe kwa utaratibu, maana ndani yake imo akiba ya miaka mingi ya utumishi. Shahada ni ushahidi kwamba mtu amesoma. Cheti cha mhasibu mtaalamu ni idhini itolewayo na bodi au chama cha wahasibu wenyewe, baada ya mitihani yao na baada ya kazi ya mikono chini ya uangalizi. Askari wataelewa upesi: kijana aliyefaulu sekondari hawi afisa mpaka apite chuo cha kijeshi.

Haikuwa hivyo siku zote. Wahasibu wa Edinburgh walipopata hati ya kifalme mwaka 1854, na wenzao wa Uingereza mwaka 1880, kijana aliingia katika kazi kwa kufungwa mkataba na mhasibu mzoefu na kumtumikia miaka 5. Huko Uingereza aliyetoka chuo kikuu alipunguziwa, akatumikia miaka 3. Kwa hiyo shahada ilikuwa njia ya mkato, haikuwa mlango. Mzee wetu wa Asiatique, kwa malezi yake, angefanana zaidi na vijana wale kuliko na wahitimu wa leo! Polepole mambo yakageuka, shahada ikawa ndiyo njia kuu ya kuingilia katika nchi nyingi.

Hapa Burundi mageuzi makubwa yametokea chuoni kwenyewe. Zamani, kwa desturi ya Kibelgiji, mwanafunzi alisoma miaka 2 ya kandidatura, kisha miaka ya lisansi. Tangu mwaka 2011 vyuo vikaanza kufuata utaratibu uitwao BMD: miaka 3 ya shahada ya kwanza, miaka 2 ya shahada ya pili, halafu udaktari. Shahada hiyo ya kwanza inaitwa baccalauréat, na hapo ndipo penye mtego. Nchini Ufaransa neno hilo hilo ni jina la mtihani wa kumaliza sekondari. Karani wa Nairobi au wa Dar es Salaam aonaye neno hilo juu ya cheti anaweza kumdhania mwenye shahada kuwa ni mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita. Kijana mwenye akili hapeleki cheti peke yake. Hupeleka pamoja nacho orodha ya masomo, alama na idadi ya miaka, vyote vikiwa vimetafsiriwa kwa Kiingereza na mfasiri anayetambuliwa.

Kutoka Asiatique, milango iliyo mbele ya binti yule ni ya namna mbili, na haifunguki kwa ufunguo mmoja.

Namna ya kwanza ni ya Kifaransa. Kwa utaratibu uliowekwa na mageuzi ya mwaka 2006, Ufaransa ina diploma ya DCG, inayolingana na shahada ya kwanza, kisha DSCG inayolingana na ya pili, kisha miaka 3 ya mafunzo kazini, ndipo mtu akafanya mtihani wa mwisho wa mhasibu mtaalamu. Anayefuata njia hiyo hana budi kufika kimo cha shahada ya pili.

Namna ya pili ni ya majirani zetu wasemao Kiingereza. Tanzania inayo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati ya mitihani. Mwenye shahada ya fani nyingine huanzia ngazi ya msingi. Baada ya kufaulu ngazi ya mwisho hutakiwa pia uzoefu wa kazi wa miaka 3. Kenya inayo Kasneb, iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwaka 2021 ilibadili mtaala wake, ikaacha mgawanyo wa zamani wa sehemu na vifungu, ikaweka ngazi 3: msingi, kati na juu. Mwenye shahada anaweza kuomba asamehewe baadhi ya masomo, lakini msamaha huo hulipiwa. Rwanda nayo iliunda chama chake, ICPAR, kwa sheria ya mwaka 2008. Katika nchi hizi hakuna adaiwaye shahada ya pili.

Angalia basi hasara iliyo karibu. Binti yule alikuwa amekwisha kuchukua fomu za shahada ya pili, miaka 2 mingine, kwa kuwa ameambiwa na wenzake kwamba bila hiyo hafiki popote. Neno hilo ni kweli kwa mlango mmoja, si kweli kwa mwingine. Kwa maoni yangu, achague mlango kwanza, ndipo atoe fedha. Asiyejua mlango wake hulipia vyote viwili.

Nasikia mtu akisema: na ukaribu wa Jumuiya je? Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka nchi zitambuliane vyeti, na mwaka 2011 vyama vya wahasibu, vikiwemo vya Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, vilitiliana sahihi mkataba wa kutambuana. Jambo jema. Lakini mkataba wa namna hiyo humsaidia yule aliyekwisha kuwa mhasibu mtaalamu. Haumwondolei mhitimu mitihani, wala haumfundishi Kiingereza. Kwa mtoto aliyesomeshwa kwa Kifaransa, Kiingereza ndicho somo la kwanza, hata kama halimo katika orodha. Nilimwuliza binti, akakiri kwamba anazijua hesabu, lakini swali la kurasa 2 kwa Kiingereza humchosha kabla hajaanza kukokotoa.

Wala tusidhani kuyumba kwa masharti ni jambo letu peke yetu. Huko Marekani jimbo la Florida lilianza mwaka 1983 kudai saa 150 za masomo ya chuo, ilhali shahada ya kawaida ni saa 120, yaani kama mwaka mzima zaidi. Majimbo mengine yakafuata. Vijana wakaanza kuikwepa kazi hiyo kwa kuona mwaka wa ziada ni gharama tupu, na Januari 2025 Ohio ikapitisha sheria ya kuruhusu tena shahada ya kawaida pamoja na miaka 2 ya kazi, kuanzia 2026. Shauri la mjomba aliyefanya mtihani miaka 10 iliyopita, hata akiwa mkweli, limekwisha kuchacha. Masharti huulizwa ofisini. Na kwa hapa nchini ofisi ya kuanzia ni ya Ordre des Professionnels Comptables, yaani OPC.

Tulikaa na kalamu juu ya daftari la mzee. Akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaandika: ada ya kujiandikisha, mchango wa kila mwaka, ada ya kila somo, ada ya msamaha, vitabu, nauli, masomo ya Kiingereza. Chini kabisa akaongeza mstari ambao baba hakuupenda: kurudia mtihani.

"Unamwombea ashindwe?" akauliza askari.

"Hasha. Hata dukani huweka fungu la mali itakayovunjika," akajibu mzee. "Sijapata kuona mwaka ambao halikutumika."

Wakakubaliana binti aanze kwa masomo machache, si yote kwa mkupuo, na atafute kazi ya hesabu, hata ndogo, ili miaka 3 ya uzoefu ianze kukusanyika. Mtaani kazi ipo: tangu kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza mwaka 2009, wenye maduka wanahitaji mtu wa kuweka ankara sawasawa. Mzee akasema atanong'ona na tajiri wake.

Fomu za shahada ya pili zikarudishwa ndani ya bahasha. Binti akaichukua orodha ya alama zake, akauliza nyumba ya mfasiri, akaondoka kabla jua halijawa kali. Baba yake alibaki kitini, akiutazama ule mstari wa mwisho.